Kava la grainda usilitoe

Vijana wangu wa Lundo, leo mihogo tuiache kidogo. Juzi nilimkuta mmoja wenu anakata nondo za banda la kuku. Grainda ndogo, kava katoa, kafunga diski ya inchi 7. Nikamwambia zima kwanza.

Iko hivi. Grainda ndogo ya milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya inchi 7 mwisho wake ni kama 8,500, imeandikwa pale pale juu yake. Ukiifunga humo inaweza kupasuka, na vipande vinakuja usoni. Kava lingeikataa, ndiyo maana watu wanalitoa. Kovu langu la kidevuni lilitokana na hilo hilo. Nilikuwa na haraka.

Soma pia tarehe kwenye pete ya chuma katikati ya diski, ni ya mwisho wa matumizi. Gundi yake haipendi unyevu, na sisi tuko ziwani, kwa hiyo usiihifadhi sakafuni. Iliyolowa au yenye ufa, tupa. Ile nyembamba ya kukatia usinolee panga kwa ubavu wake, tafuta nene ya kusagia.

Kabla ya kubadili diski, chomoa plagi. Mpya iache izunguke nusu dakika bila kukata, wewe umesimama pembeni, miwani machoni.