Jeraha la Mti wa Miiba

Mpita njia aendaye mashambani katika nchi ya Uingereza mwezi wa Mei huiona mipaka ya makonde imefunikwa maua meupe, mfano wa povu la wimbi lililopasukia mwambani. Maua hayo ni ya mhothoni, mti wa miiba ulio wa jamaa moja na mtufaha na mwaridi, ambao wenye ilimu ya mimea huuita Crataegus monogyna. Katika karne ya 18 na ya 19, zilipopitishwa sheria za kuyagawa malisho ya shirika yakawa milki ya watu mmoja mmoja, miti hiyo ilipandwa kwa wingi iwe ua wa kuwazuia ng'ombe na kondoo. Ikawa kupogolewa mwaka hata mwaka, na kutafunwa na mifugo, na kupigwa na baridi, hata miaka mia ilipopita shina likawa nene kama paja la mtu mzima na hali kimo chake hakikuzidi kiuno. Mti wa namna hiyo, uliofupishwa na dhiki bila ya kuuawa nayo, ndio autafutao mtunza bonsai, fundi wa kuotesha miti mifupi chunguni.

Wajapani, walioipokea sanaa hii kutoka Uchina wakaitia adabu zao wenyewe, huuita mti uliochimbwa porini yamadori, maana yake ni kutwaa mlimani. Huko Uingereza si halali kuung'oa mmea wo wote wa porini bila ya idhini ya mwenye ardhi, kwa sheria ya mwaka 1981, na kwa hiyo fundi mwenye insafu hungoja mpaka mkulima amruhusu kuondoa shina kuukuu lililomzuilia lango au njia ya trekta. Kazi hiyo hufanywa mwishoni mwa majira ya baridi, kabla macho ya matawi hayajavimba, kwa sababu mti upukutishao majani huwa wakati huo umeiweka akiba yake yote ya wanga katika mizizi na shina, na akiba hiyo ndiyo itakayouwezesha kutoa vijizizi vipya baada ya ile minene kukatwa. Kisha hupandwa katika kokoto nyepesi zenye matundu, ambazo hupitisha maji na hewa, na huachwa usiguswe kwa miaka miwili au mitatu. Subira hii huwashinda wengi, na miti mingi hufa kwa haraka ya mwenyewe kuliko kwa jua au jalidi.

Sasa mti umekwisha kushika, una majani na afya. Lakini juu yake pana pigo la msumeno, duara bapa kama kifuniko cha mtungi, mahali ulipokatwa ili upate kuingia chunguni. Pigo hilo lafanywaje? Kwa mreteni, ambao ni ndugu wa mtarakwa wa milima ya Kenya, jawabu ni jepesi: mafundi hulichonga likawa pembe nyeupe, kwa kuwa mti wenye utomvu wa harufu, uotao katika milima mikavu, hustahimili kubaki mkavu na wazi kwa karne nyingi. Kwa miti ya majani mapana, desturi kongwe ya Wajapani ni kinyume cha hivyo. Mwepo wao, yaani maple, hutakiwa uwe na gome laini lisilo na doa, na kila jeraha hupakwa dawa ya kuzibia na kutunzwa mpaka lijifunge lisionekane tena. Waliuruhusu mti mmoja tu kwa moyo mkunjufu, nao ni ume, mti wa jamii ya mplamu uchanuao wakati wa baridi, ambao shina lake lililobomoka na kuwa wazi huhesabiwa kuwa ni haiba yake. Kule Ulaya, mafundi waliokuwa wamezungukwa na mialoni na mihothoni yenye mapango shinani walijiuliza kwa nini ruhusa ya ume isiifikie miti yao, nami naona walikuwa na haki, maadamu mchongaji aijue kwanza tabia ya mti ukijeruhiwa.

Tabia hiyo ilidhihirishwa kwa taabu nyingi. Katika karne ya 19 Mjerumani Robert Hartig alionyesha kwamba kuvu ndio waozeshao mti, wala si uozo uzaao kuvu kama walivyodhani waliomtangulia. Baada yake akaja Alex Shigo, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2006, mtaalamu wa idara ya misitu ya Marekani aliyefanya kazi New Hampshire, ambaye badala ya kuikata miti kwa kuikingamia tu aliipasua kwa urefu kwa msumeno wa injini, maelfu kwa maelfu, akaufuata uozo tangu ulipoingilia mpaka ulipokomea. Mwaka 1977 kilichapishwa kijitabu alichoeleza ndani yake kwamba mti hauponi kama aponavyo mnyama. Sisi tukikatika, nyama iliyoharibika huondolewa na mpya hushika mahali pake. Mti hauna uwezo huo, kwani sehemu ya mti iliyokwisha kuota hairudi kufanywa upya. Lifanywalo na mti ni kulizingira jeraha kwa kuta nne. Wa kwanza ni kuiziba mishipa ya maji iendayo juu na chini, na ukuta huo ni dhaifu kuliko zote, ndiyo sababu uozo hukimbia kwa urefu. Wa pili ni duara za kila mwaka, zizuiazo uozo usielekee ndani. Wa tatu ni miale itokayo kiinini hadi gomeni, izuiayo usienee pembeni. Wa nne haukuwako siku ya jeraha. Hujengwa baadaye na kambiamu, ule utando mwembamba wa seli hai ulio baina ya gome na mti, nao una nguvu kuliko zote, hata huenda kila kilichokuwa ndani yake siku ile kikaoza kikawa vumbi, na kilichoota nje yake kikabaki kizima.

Kwa ukuta huo wa nne twaelewa jinsi mbuyu unavyoweza kuwa pango la kuwasitiri watu na mvua na huku ukiendelea kuzaa. Na twaelewa mhothoni wa kijiji cha Hethel, mkoani Norfolk, ambao umri wake hutajwa kuwa umepita miaka 700, nao kiini chake kilikwisha zamani, lakini kila mwaka huchanua. Uhai wa mti hukaa ukingoni. Kiini ni nguzo tu, na nguzo iliyo wazi ndani, kama mwanzi, yatosha kuyabeba matawi.

Nilipata kukaa siku nzima ubavuni mwa fundi mmoja aliyekuwa akiuchonga mhothoni wenye shina la kimo cha mkono mmoja. Kwa saa nzima ya kwanza hakushika chombo cho chote ila chaki na ukucha. Alikwaruza gome kidogo kidogo. Palipotokea rangi ya kijani alitia alama, palipotokea hudhurungi kavu akaendelea, mpaka ikaonekana wazi kwamba kila mzizi mnene ulikuwa umeinua ubavu wake wa shina kama kano la shingo, na ubavu huo ukaenda moja kwa moja hadi tawi lake. Baina ya mbavu mbili palikuwa pamekufa tangu mti ulipokuwa uani. Hapo ndipo alipoanzia, na ile duara bapa ya juu akaiunganisha na ufa huo wa zamani, ili jeraha la msumeno lionekane kuwa ni mwisho wa jeraha la asili.

Alipasua kwa patasi, kisha akazishika nyuzi za mti kwa koleo na kuzivuta chini pole pole. Zilichanika kwa mlio mkavu, zikapinda kuelekea kulia, kwa kuwa mti ule ulikuwa umekua kwa kujisokota, na hakuna mchongaji ambaye angelibuni mzunguko ule kwa akili yake. Baadaye alivaa miwani na kitambaa cha pua, akawasha mashine ndogo yenye kisu kizungukacho; vyombo hivyo vilienea katika sanaa hii kwa mifano ya mafundi kama Masahiko Kimura wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1940. Mashine hufanya kwa dakika kumi kazi ya patasi ya asubuhi nzima, lakini huacha mashimo ya mviringo yanayofanana, na jicho huyatambua mara moja. Kwa hiyo alizichoma nywele za mti kwa mwali mdogo, akasugua kwa brashi ya waya, ule ulaini ukatoka na ugumu ukabaki, na mistari ya nyuzi ikarudi.

Umbo alilochagua lilikuwa pango, wala si pembe. Wachongaji wengi waingiao katika miti hii kutoka kwenye mireteni huisimamishia ncha kali kama mikuki, na katika nchi ya mvua ncha hizo hazidumu. Kuvu wale waitwao waozeshaji weupe hupendelea hasa miti ya majani mapana, nao huila hata lignini, ile gundi izishikayo nyuzi. Ila hawawezi kazi pasipo maji. Mti ukiwa na unyevu chini ya asilimia 20 hivi hauozi. Ndiyo maana fundi alilitoboa pango lake hadi upande wa nyuma maji yasituame, na akakomea vidole viwili juu ya udongo, kwani hapo kwenye mpaka wa udongo na hewa ndipo uozo ustawipo.

Nilimwuliza kama atapaka maji ya chokaa na salfa, yenye harufu ya yai viza, ambayo huua kuvu na kuupausha mti. Akajibu kwamba atayapaka, lakini baada ya kuyatia wino mweusi kidogo. Juani, miali huivunja lignini, mvua huiosha, na selulosi inayobaki huwa ya kijivu. Hiyo ndiyo rangi ya mhothoni uliokufa katika ua wa Uingereza, na weupe wa mfupa ungekuwa ni uwongo.

Mwisho alichukua wembe akausawazisha ukingo wa gome kuzunguka pango lote. Kambiamu iliyokatwa safi huanza kuvimba majira yajayo, ikajikunja kama mdomo wa chungu, na mdomo huo hakuna patasi iwezayo kuuchonga. Aliniletea mti mwingine aliouchonga miaka sita nyuma: midomo yake ilikuwa minene kama kidole cha mtoto, myororo, yenye gome jipya, imelikumbatia giza la ndani. Kisha akaurudisha ule mpya mezani nje, mvua ikiwa imekwisha kuanza kunyesha, akatia kipande cha tofali chini ya chungu upande mmoja, akainama kuhakikisha kwamba maji yatoka nyuma.