Uvimbe wa Taya la Mtoto: Chanzo Chake Ni Nini?

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake, Daktari Hugh Trowell, amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba juu na chini, kulia na kushoto. Muda si mrefu, Burkitt alipokuwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Ndipo alipoanza kuuliza: Ugonjwa huu ni wa namna gani, nao watoka wapi?

Basi, mwaka 1961 akafunga safari kwa motokaa pamoja na madaktari wawili wa misioni, Ted Williams na Cliff Nelson. Walikwenda maili 10,000 hivi, toka Uganda hata kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waliona ya kuwa ugonjwa huo uko zaidi katika nchi za joto na mvua, nchi zile zile zenye malaria nyingi. Penye milima mirefu na baridi hauonekani sana. Nao ni kansa. Leo huitwa kwa jina la Burkitt.

Wasomaji wetu watauliza: Je, kansa ni kitu gani hasa? Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizohesabika. Chembe hugawanyika, moja ikawa mbili, ili mtoto akue na kidonda kipone. Lakini hazigawanyiki ovyo. Kwa kawaida ndani ya chembe mna nyuzi 46 ziitwazo kromosomu, na katika nyuzi hizo zimo amri za kazi zote, ziitwazo jeni. Amri moja, jina lake MYC, ni kama mnyapara wa shamba. Kazi ikihitajika hupiga kelele, “Gawanyikeni!” Kazi ikiisha, hunyamaza.

Katika ugonjwa huu mnyapara hanyamazi tena. Mwaka 1976 wataalamu walitambua ya kuwa, kwa wagonjwa wengi, kipande cha uzi wa 8 kimekatika na kuungwa penye uzi wa 14. Mwaka 1982 ikajulikana ya kuwa MYC imo katika kipande hicho. Na chembe zinazougua ni zile askari wa mwili, ambazo katika uzi wa 14 zina amri ya kutengeneza silaha za kupigana na magonjwa. Amri hiyo haizimwi. Basi MYC, ikikaa jirani nayo, huwashwa nayo usiku na mchana. Jeni njema iliyoharibika hivi huitwa onkojeni, yaani jeni iletayo kansa. Chembe moja huwa mbili, mbili huwa nne, na uvimbe waweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili tu.

Malaria inaingiaje? Mtoto akiugua malaria mara kwa mara, chembe askari huchochewa kugawanyika na kurekebisha silaha zao, na katika kazi hiyo nyuzi zaweza kukatika na kuungwa vibaya. Tena kuna kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964 na Epstein, Achong na Barr, katika chembe zilizopelekwa London toka Uganda. Watu karibu wote wanacho bila kudhurika. Lakini husaidia chembe iliyoharibika isife.

Kwa hiyo, wazazi, jueni haya. Mtoto huyu hakurogwa. Tena jirani hawezi kuambukizwa kansa yake. Wala si kosa la ukoo wa baba au wa mama, maana jeni hiyo iliharibika katika chembe moja tu ya mwili wake, baada ya kuzaliwa.

Na dawa iko. Tangu miaka ya 1960 Burkitt mwenyewe aliona uvimbe ukinywea kwa dawa, na watoto wengine wakapona kabisa. Leo wengi hupona wakiletwa mapema na wakimaliza dawa zote. Hospitali kama Bugando ya Mwanza na Lacor ya Gulu hutibu watoto hawa.

Ukiona taya la mtoto limevimba, au meno yanalegea kabla ya wakati wake, au jicho linatokeza, au tumbo linavimba upesi, usingoje mavuno wala usianze kuchanja. Mpeleke hospitali juma hilo hilo. Uvimbe ukipungua, usimtoroshe mtoto kabla daktari hajasema, “Yatosha.” Na kila usiku walaze watoto chini ya chandarua, kwa kuwa kupunguza malaria ni kupunguza na hatari hii.