Joto la Bakuli: Uji wa Mchele wa Wakanton na Samaki Asiyepikwa

Mtu anayekula uji wa Wakanton kwa mara ya kwanza hutambulikana upesi: huzamisha kijiko katikati ya bakuli, akaunguza ulimi. Wenyeji huchota ukingoni, polepole, wakiuzunguka uji hadi uishe. Desturi hiyo ndogo ina fizikia ndani yake, na fizikia hiyohiyo ilihusika katika swali zito la afya lililozuka Singapuri mwaka 2015: je, joto la bakuli la uji latosha kumwivisha samaki?

Wakanton ni watu wa Guangdong, jimbo la kusini mwa China. Katika karne ya 19 wengi wao walihamia Malaya na Singapuri kutafuta kazi, wakauchukua na uji wao. Huko Singapuri uji huo uliuzwa barabarani na wachuuzi waliotembeza majiko yao. Kati ya mwaka 1971 na 1986 serikali iliwahamishia wachuuzi hao katika majengo maalumu yenye maji ya bomba na mifereji ya maji machafu, ambamo kila mmoja alipewa kibanda chake na wateja wakakaa katika meza za pamoja. Msomaji awafikirie mama ntilie wa soko zima wamewekwa chini ya paa moja. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wa vituo hivyo katika orodha yake ya urithi wa binadamu.

Uji wenyewe hauna siri kubwa. Kipimo kimoja cha mchele hutiwa katika vipimo kumi au kumi na viwili vya maji, ukachemshwa kwa muda wa saa mbili au zaidi, huku ukikorogwa. Punje ya mchele imejaa chembechembe za wanga zilizoshikamana. Joto linapokaribia nyuzi 70 za Sentigredi, chembechembe hizo hunywa maji, zikavimba, na sehemu ya molekuli za wanga ikavujia nje. Kuchemka kwa muda mrefu na kukorogwa huzivunja punje kabisa, hata asiweze mtu kuipata moja iliyo nzima. Hapo ndipo Mkanton huridhika. Jirani yake Mteochew, ambaye naye ni Mchina wa kusini, hukomesha moto mapema ili punje zibaki, na kila mmoja huuona uji wa mwenzake kuwa kazi isiyokamilika.

Juu ya uji huwekwa tangawizi iliyokatwa nyembamba, majani ya vitunguu, na vipande vya unga uliokaangwa, ambavyo ni jamaa wa mbali wa andazi. Wengine huongeza yai la bata lililohifadhiwa kwa wiki kadhaa katika chokaa, majivu na chumvi. Alkali huingia ndani ya ganda, ute ukaganda bila moto na kuwa na rangi ya kahawia kama kioo cha chupa, ilhali kiini huwa kijani kilichoiva kwa sababu ya muungano wa chuma na salfa. Harufu yake humshtua mgeni, lakini ladha yake ni ya upole.

Mlaji anayekula polepole huona jambo jingine: uji uliokuwa mzito mwanzoni huwa mwepesi kuelekea mwisho, kana kwamba umetiwa maji. Sababu ni mate yake mwenyewe. Kila kijiko kinachotoka kinywani na kurudi bakulini hubeba kimeng'enya cha amilesi, ambacho huikata minyororo ya wanga. Kanuni hiyo inafahamika pia Afrika Mashariki. Mbegu za mtama au ulezi zinapochipua hutengeneza kimeng'enya cha namna hiyo, na kwa hiyo kijiko cha unga wa kimea hulainisha uji mzito wa mtoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania waliichunguza njia hiyo ili mtoto apate unga mwingi zaidi katika bakuli lilelile dogo. Walimu waweza kulionyesha jambo hili darasani kwa uji wa kawaida na mate kidogo, mradi uji huo usinywewe.

Sasa turudi kwenye joto. Mchuzi mwepesi hupoa kwa myuko: tabaka la juu likipoa huwa zito, likazama, na la moto likapanda kuchukua nafasi yake. Uji mzito hauendi hivyo. Minyororo ya wanga huzuia mwendo, na joto hulazimika kupita kutoka tabaka hadi tabaka kwa mpitisho, ambao ni wa polepole mno. Ndiyo maana ukingo hupoa na katikati hubaki kukiunguza.

Katika vibanda vingi vya Singapuri uji huo uliambatana na sahani ndogo ya samaki mbichi wa maji baridi, aliyekatwa vipande vyembamba kama karatasi, akatiwa mafuta ya ufuta, tangawizi, pilipili na ndimu. Baadhi ya walaji walivila vipande hivyo vivyo hivyo. Wengine walivitumbukiza katika uji, wakiamini kwamba moto wake ungevipika. Imani hii yafaa kupimwa kwa hesabu badala ya kudharauliwa.

Tuseme bakuli lina gramu 400 za uji wenye nyuzi 95, na samaki ni gramu 60 kutoka katika jokofu lenye nyuzi 5. Bakuli la kauri lenye uzito wa gramu 300 na nyuzi 28 huchukua joto sawa na gramu 75 hivi za maji. Tukiuhesabu uji na samaki kama maji, na tusipotilia maanani joto linalopotea hewani, mchanganyiko hutulia katika nyuzi 75 hivi. Hapo samaki huiva, kwani bakteria wengi hufa upesi nyama yake ikifikia nyuzi 70. Lakini uji ukifika mezani ukiwa na nyuzi 75, hesabu ileile hutoa nyuzi 61 tu. Tena hesabu hii hudhani kwamba mlaji amekoroga. Asipokoroga, kila kipande hulipoza tabaka la uji linalokizunguka, na joto jingine huchelewa kufika. Unene nao una neno. Muda wa joto kufika katikati hukua kwa mraba wa unene, hivyo vipande vinne vilivyogandamana huhitaji mara kumi na sita ya muda unaohitajiwa na kimoja.

Mwaka 2015 watu zaidi ya 100 wa Singapuri waliugua kutokana na bakteria aitwaye Streptococcus wa kundi B. Waganga walimjua bakteria huyo hasa kwa kuwadhuru watoto wachanga, ambao humpata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Safari hii waliougua walikuwa watu wazima, wengi wao wakiwa na afya njema hapo awali. Baadhi walipatwa na homa ya uti wa mgongo, wengine wakavimba viungo. Uchunguzi uliwaelekeza wataalamu kwenye sahani za samaki mbichi. Mwezi wa Julai vibanda vilitakiwa kusimamisha uuzaji wa aina mbili za samaki hao, na mwezi wa Desemba ikapigwa marufuku kuuza chakula chochote cha samaki mbichi wa maji baridi.

Ndimu haikuwalinda. Asidi yake hugeuza nyama kuwa nyeupe, ikafanana na iliyopikwa, lakini haiwaui bakteria kama moto unavyowaua. Wala haimuui adui wa zamani zaidi huko Guangdong, yaani mnyoo wa ini. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mtu, na mabwawa ya samaki huko yalirutubishwa kwa kinyesi tangu kale. Mayai humezwa na konokono, lava huhamia katika samaki, na mlaji akapata minyoo ambayo hukaa katika mirija ya nyongo kwa miaka mingi. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilithibitisha kwamba mnyoo huyo husababisha saratani ya mirija hiyo. Mwanafunzi aliyesoma habari za kichocho atamtambua konokono katika mzunguko huu, na dawa yake ni ileile, prazikwanteli.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba aina ya bakteria iliyohusika, yenye nambari 283 katika orodha ya wataalamu, imeenea katika nchi kadhaa za Asia ya Kusini-Mashariki, na kwamba imepatikana pia katika perege wa kufugwa, samaki ambao asili yao ni Afrika.

Uji wa samaki bado unauzwa Singapuri. Mpishi hutia kiasi cha bakuli moja katika sufuria ndogo, akasubiri utokote, akatumbukiza vipande kimoja kimoja huku akikoroga, na hamimini mpaka nyama imepoteza ung'avu wake na kuwa nyeupe hadi ndani. Mteja husubiri dakika moja zaidi.