Ukoko Mweupe Ndani ya Pasi: Jinsi ya Kuuondoa kwa Usalama

Alhamisi jioni, katika nyumba nyingi za Ukunda, Diani na Msambweni, ni wakati wa kunyoosha kanzu za Ijumaa. Jumapili jioni ni zamu ya sare za shule. Mara pasi ya mvuke inaanza kutema maji machafu, na nguo iliyokwisha kufuliwa inabaki na madoa meupe au ya rangi ya kutu. Wengi hudhani pasi imekufa, wakaitupa na kununua nyingine. Mara nyingi haijafa. Imejaa chokaa, na chokaa hiyo imetoka kwenye maji ya hapa hapa pwani.

Kuiondoa si kazi ngumu, wala haihitaji pesa nyingi. Lakini ni kazi inayokutanisha umeme, maji ya moto na dawa mahali pamoja. Ikifanywa kwa pupa, mtu anaweza kuungua, kupigwa na umeme au kuvuta hewa ya sumu. Kwa hivyo ni vyema kila mwenye nyumba, dobi na fundi cherehani ajue utaratibu wake.

Chokaa hiyo inatoka wapi

Ukanda wa ufuo kuanzia Waa, kupitia Tiwi na Diani, hadi Msambweni na Shimoni, umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Mawe yaliyojengea Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, ni ya aina hiyo. Mwamba huo ni chokaa. Maji ya mvua hunyonya hewa ya kaboni dioksidi angani na udongoni, yakawa na ukali kidogo. Yanapopenya chini huyeyusha chokaa na kuibeba. Ni kazi hiyo hiyo ya maji iliyosaidia kuchimba mapango ya Shimoni.

Ndiyo maana maji ya kisima kilichochimbwa katika mwamba huo huonekana angavu, kumbe yamebeba chokaa. Kuyachuja kwa kitambaa hakusaidii, kwa sababu chokaa imeyeyuka ndani yake kama sukari ndani ya chai. Maji hayo yakipashwa moto, ile hewa hutoka na chokaa hubaki ikiganda. Ukoko mweupe ulio ndani ya birika ni huo huo. Katika birika ukoko huonekana. Katika pasi hujificha ndani ya njia nyembamba za mvuke mpaka zizibe.

Maji yatokayo Milima ya Shimba, kama ya chemchemi za Marere, hupita kwenye mawe ya mchanga, na kwa kawaida hubeba chokaa kidogo. Kwa hivyo pasi mbili za aina moja, moja Kwale mjini na nyingine kando ya ufuo, huenda zisichakae sawa. Maji yenye chokaa si sumu: Shirika la Afya Duniani halijayawekea kikomo cha kiafya kwa sababu ya ugumu wake. Hasara yake iko kwenye vyombo, sabuni na nguo.

Kabla ya kuanza

Soma kwanza kijitabu kilichokuja na pasi. Kampuni nyingi hukataza siki na dawa nyingine kutiwa kwenye tangi, kwani asidi ikikaa humo hula chuma na mipira ya ndani. Aliyepoteza kijitabu na aanze na njia ya maji matupu.

Kagua waya. Ukiwa umechubuka, au plagi imeyeyuka, usiiwashe pasi hiyo. Ipeleke kwa fundi wa umeme. Vaa viatu, kausha mikono, na uwaondoe watoto mahali hapo. Umeme wa nyumbani hapa Kenya ni volti 240, nao huua.

Njia ya kwanza: maji matupu

Pasi nyingi za mvuke zina kitufe cha kujisafisha. Hatua zake ni hizi:

1. Pasi ikiwa imechomolewa, jaza tangi hadi kwenye alama ya juu kwa maji yasiyo na chokaa.
2. Iweke wima, ichomeke, na uipashe moto wa juu kabisa mpaka taa ya joto izime.
3. Chomoa plagi kutoka kwenye soketi. Hatua hii isirukwe hata kidogo. Pasi iliyochomekwa haishikwi juu ya karai wala sinki.
4. Ishike pasi ikiwa imelala juu ya sinki au karai la chuma, uso na mikono vikiwa mbali. Bonyeza kitufe na uitikise polepole. Mvuke, maji ya moto na vipande vya chokaa vitatoka.
5. Rudia mpaka maji yatoke safi. Mwisho ipashe moto tena na uipitishe juu ya kitambaa kikuukuu ili ikauke.

Wanaotumia maji ya kisima cha ufuoni na wafanye hivi kila baada ya wiki mbili. Chokaa changa hutoka kwa maji tu. Iliyokaa mwaka mzima hushikamana kama saruji.

Pasi zenye tangi kubwa la pembeni zina mvuke ulioshindiliwa. Kifuniko chake kisifunguliwe mpaka pasi iwe imechomolewa na kupoa kwa angalau saa mbili.

Njia ya pili: siki, pale tu inaporuhusiwa

Ikiwa kijitabu kinaruhusu, changanya siki nyeupe na maji kwa vipimo sawa, kikombe kwa kikombe. Fungua madirisha. Tia mchanganyiko hadi nusu ya tangi, pasha pasi moto, na utoe mvuke kwa dakika chache juu ya kitambaa kikuukuu. Chomoa plagi na uiache pasi wima kwa nusu saa ili siki iyeyushe ukoko. Kisha mwaga, suuza tangi mara mbili au tatu, na utoe mvuke wa maji safi mpaka harufu ya siki iishe. Usilaze siki ndani ya pasi usiku kucha.

Maji ya ndimu au limau yasitiwe kwenye tangi. Yana ukali wa kuondoa chokaa, lakini nyama na sukari yake huungua na kuziba vitundu zaidi.

Kusafisha bamba

Hapa pasi iwe imechomolewa na imepoa kabisa. Futa bamba kwa kitambaa kilicholoweshwa siki kidogo, kisha kwa maji. Vitundu vya mvuke visafishwe kwa kijiti chenye pamba. Pini, kisu na steelwool hukwaruza bamba, na bamba lililokwaruzwa huchana nguo laini kama buibui na leso.

Makosa yanayoumiza watu

Usichanganye siki na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ile ambayo wengi huiita jiki. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Imetokea ukachanganya? Toka nje upate hewa safi, na uwatoe waliomo.

Usitumie asidi ya betri. Madukani maji safi ya betri na asidi ya betri huweza kuuzwa kwenye vibuyu vya plastiki vinavyofanana. Maji safi ya betri, yaliyokenekwa, hayana chokaa. Asidi hutoboa ngozi na kupofua macho. Soma lebo kabla ya kulipa, na kama hakuna lebo, usinunue. Siki nayo isihifadhiwe kwenye chupa ya soda, kwani mtoto hawezi kujua.

Usiizamishe pasi majini hata ikiwa imechomolewa.

Maji ya kutumia

Maji ya mvua ndiyo bora na hayana gharama. Masika na vuli zinapofika, acha mvua ya kwanza isafishe paa la mabati, kisha kinga. Maji ya paa la makuti huwa na rangi na yatachafua nguo. Yahifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko, kwa kuwa tangi jipya la saruji nalo hutoa chokaa.

Asiye na maji ya mvua na achemshe ya kisima, ayaache yapoe na kutuama, kisha achote ya juu. Sehemu ya chokaa itakuwa imebaki chini ya sufuria. Lakini chumvi haiondoki hivyo. Visima vilivyo karibu sana na bahari huweza kuingiwa na maji ya chumvi, hasa vikivutwa sana, na chumvi hutia kutu. Maji yanayoonja chumvi mdomoni yasitiwe kwenye pasi kabisa, hata yakichemshwa. Siki huyeyusha chokaa, lakini hairudishi chuma kilicholiwa na kutu.

Mtu akiungua

Weka sehemu iliyoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na bangili mapema kabla hapajavimba. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta, kwani hushika joto ndani na kuleta uchafu kidondani. Funika kwa kitambaa safi. Mtoto aliyeungua, au mtu yeyote aliyeungua usoni, mkononi, au mahali pakubwa kuliko kiganja chake, apelekwe zahanati au hospitali iliyo karibu bila kuchelewa.

Aliyenaswa na umeme asiguswe kabla umeme haujazimwa kwenye swichi kuu. Kisha piga 999 au 112.

Pasi ikitunzwa kwa maji yanayofaa na kusafishwa mapema, haitafika mahali pa kuhitaji siki. Kwa familia ya kando ya ufuo, ndoo moja ya maji ya mvua iliyofunikwa vizuri inatosha kunyoosha nguo kwa wiki nyingi.