Gari limeisha kwenye ajali, sevisi zilizolipiwa zinakwenda wapi?

Mkazi wa Bilele aliyenunua gari jipya na kulipia sevisi za miaka kadhaa kwa mkupuo anaweza kupoteza mamilioni bila kujua. Gari likipata ajali barabara ya Bukoba–Muleba na ikaonekana halitengenezeki, bima kubwa hulipa thamani ya gari. Sevisi ambazo hazijafanyika kwa kawaida hazimo.

Sababu ni kwamba kuna mikataba miwili: mmoja wa kampuni ya bima, mwingine wa kampuni iliyouza gari. Anayesaini malipo ya bima na kwenda zake anakuwa ameacha hela yake kwa muuzaji.

Mwenye bima ndogo anaumia zaidi. Bima hiyo hulipa madhara kwa watu wengine, si gari lake. Akitoa bei ya skrepa, hela ya sevisi inaweza kuwa kitu pekee anachoambulia.

Hesabu ikoje?

Mfano: sevisi 6 zimelipiwa Sh3,000,000 na 2 zimefanyika. Kwa kugawa sawa, 4 zilizobaki ni Sh2,000,000. Ila sevisi kubwa ina bei kuliko ndogo, hivyo adai mchanganuo wa kila moja.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 56, inasema jambo lililokubaliwa likishindikana baadaye, mkataba unabatilika. Kifungu cha 65 kinamtaka aliyekwishapokea faida airudishe au afidie. Gari likiwa halipo, hakuna cha kubadilishiwa oili.

Hata hivyo, mkataba usomwe vizuri. Upo unaoruhusu sevisi kuhamishiwa gari jingine, upo unaoweka muda wa kudai, na upo unaosema hela hairudi; hapo ndipo mvutano huanza. Sevisi za ofa, zilizotolewa bure, ni ngumu kudaiwa fedha.

Kabla mabaki hayajachukuliwa

Bima ikishalipa, mabaki mara nyingi huwa yake. Kwa hiyo mwenye gari awahi:

• Kupiga picha namba ya chesisi na kilomita kwenye dashibodi.

• Kutoa kitabu cha sevisi na risiti ndani ya gari.

• Kuchukua nakala ya ripoti ya polisi na barua ya bima kwamba gari halitengenezeki.

• Kumwandikia muuzaji barua au baruapepe. Kama ofisi yake iko Mwanza au Dar es Salaam, kupiga simu tu hakuachi ushahidi.

• Kuiuliza benki, kama gari ni la mkopo, hela ikirudi ni ya nani.

Muuzaji akigoma

Malalamiko dhidi ya muuzaji yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani (FCC), au mahakamani. Mgogoro wa malipo ya bima unapelekwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Akichanganya milango hiyo, atazungushwa huku muda wa kudai ukipita.