Nani Atakayekuja Kuchoronga Hapa?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Maabara ya Taifa ya Sandia nchini Marekani iliwaita wataalamu ambao kwa kawaida hawakai meza moja: mwanajiolojia, mwanaisimu, mwanaanthropolojia, mwanaakiolojia, msanifu majengo, mtaalamu wa malighafi, na wanaastronomia waliozoea kuwaza namna ya kuzungumza na viumbe wa sayari nyingine. Karibu na mji wa Carlsbad, kusini-mashariki mwa jimbo la New Mexico, serikali ilikuwa imechimba vyumba ndani ya tabaka la chumvi, mita 655 chini ya jangwa. Humo yangezikwa mabaki ya viwanda vya silaha za nyuklia: glovu, nguo za kazi, vifaa, matope, vyote vikiwa vimeingiwa na plutoniamu. Wataalamu wale walitakiwa waseme ni alama gani iwekwe juu ya ardhi ili mtu asije akachimba pale katika miaka 10,000 ijayo.

Hiyo 10,000 haikutoka kwenye fizikia. Plutoniamu-239 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 24,100 hivi, kwa hiyo miaka 10,000 ikipita, robo tatu yake itakuwa bado ipo. Tarakimu ile ilitoka kwenye kanuni za Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani za mwaka 1985. Kanuni hizo hizo zilisema kwamba uzio, walinzi na doria visihesabiwe kuwa kinga baada ya miaka 100 tangu mgodi ufungwe. Yaani kabla wanasayansi hawajachora hata mstari mmoja, waandishi wa sheria walikwisha kupima urefu wa kesho, na wakakubali kwamba serikali yao yenyewe huenda isiwepo, au ikasahau. Ni nadra kuona dola ikijiandikia hivyo kwenye kanuni zake.

Walipoanza kazi, kila mmoja alirudi kwenye yaliyopita anayoyajua. Wanaakiolojia walikwenda kwenye piramidi na duara la mawe la Stonehenge kuuliza ni nini hudumu na kwa nini. Jibu halikuhusu ugumu wa jiwe peke yake. Piramidi za Giza zilifunikwa kwa mawe meupe ya chokaa yaliyosuguliwa, na sehemu kubwa ya mawe yale iling'olewa baadaye ikajengea Cairo. Basi alama ya jangwani isitengenezwe kwa kitu ambacho fundi wa baadaye atatamani kukibeba. Wanaisimu walijua kwamba lugha hubadilika kupita kutambulika katika muda mfupi zaidi ya huo, kwa hiyo yakatolewa mapendekezo ya kuandika onyo kwa lugha sita za Umoja wa Mataifa pamoja na Kinavajo, lugha ya wenyeji wa asili wa Marekani, na kuacha nafasi tupu kwenye jiwe ili wajao waongeze tafsiri kwa lugha zao. Msanifu Michael Brill hakuyaamini maneno sana. Alitaka ardhi yenyewe itishe: msitu wa miiba ya mawe iliyopinda ovyo, inayomwambia mwili wa mtu aondoke kabla akili haijasoma chochote.

Wataalamu walikuwa wamegawanywa katika timu, na katika timu nyingine, si ya Brill, walikuwemo Frank Drake, aliyetuma ujumbe wa redio angani kutoka Arecibo mwaka 1974, na Jon Lomberg, msanii aliyeshiriki kubuni sahani ya dhahabu iliyosafiri na vyombo vya Voyager mwaka 1977. Kwao mtu wa mwaka 12,000 ni mgeni kama mgeni wa anga: hana lugha yetu, lakini ana macho na anaweza kufuata picha. Lomberg alichora vikatuni vya watu wanaogusa kilicho chini na kuanguka. Ila picha nazo zina kanuni zake. Mchoro wa mtu mzima, kisha mgonjwa, kisha maiti, ukipangwa kutoka kushoto kwenda kulia, ungesomwaje na mwanachuoni wa Lamu wa karne ya 18, ambaye Kiswahili chake chote kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, zinazosomwa kutoka kulia? Angeona maiti anafufuka, anapona, na anaondoka zake akiwa na afya tele. Hapo onyo limekuwa tangazo la dawa.

Kabla yao, mwaka 1984, mtaalamu wa semiotiki Thomas Sebeok alikwisha kupendekeza kitu kinachofanana na ukuhani: kikundi cha watu wanaorithishana ukweli wote, huku wengine wakilishwa ngano na miiko ya kuwaweka mbali. Wengi wamelicheka wazo hili, na mimi naona linatisha zaidi ya ile miiba, kwa sababu linawapa watu wachache siri na kuwaachia wengine hofu. Lakini Sebeok hakuota tu. Dini ndizo taasisi chache ambazo zimefikisha maneno yaleyale miaka elfu na zaidi.

Pamoja na ubunifu wote huo, cheti cha kuuruhusu mgodi ule uanze kazi hakikutolewa kwa nguvu ya miiba wala vikatuni. Kilitolewa mwaka 1998 kwa nguvu ya hesabu za uwezekano wa hatari, na shehena ya kwanza ikashushwa Machi 1999. Kanuni za mwaka 1996 zinaelekeza namna ya kupiga hesabu hizo. Hali ya hewa, maji ya ardhini na miamba viruhusiwe kubadilika. Binadamu abaki kama alivyo. Mtu wa miaka 9,000 ijayo atachoronga kwa mashine za aina ileile, kwa mbinu zilezile, na kwa kasi iliyopatikana kwa kuhesabu visima vilivyochorongwa katika Bonde la Delaware, linalozunguka mgodi huo, katika miaka 100 iliyopita. Chini ya jangwa lile kuna mafuta, gesi na potashi, kwa hiyo visima si dhana.

Hesabu ya kwanza ilitoa visima karibu 47 kwa kila kilomita ya mraba katika miaka 10,000. Cheti hupitiwa upya kila baada ya miaka 5, na ikawa kila wanaporudi kuhesabu wanakuta kasi imepanda, maana biashara ya mafuta katika eneo lile ilishika moto. Hivyo picha ya miaka 10,000 ijayo hurekebishwa kila miaka 5 na pilikapilika za leo. Bei ya pipa inapopanda Texas, watu wa mwaka 11,000 wanaongezewa visima.

Watunga kanuni walikuwa na sababu yao. Wangeruhusu jamii nayo ibadilike, kila mwanasheria angekuja na riwaya yake, na kesi isingeisha. Ushahidi wa hilo upo: jopo la awali la Sandia liliachiwa liwaze kwa uhuru, na miongoni mwa wajumbe alikuwemo Gregory Benford, mwanafizikia ambaye pia ni mtunzi wa riwaya za kisayansi. Timu yake iliandika juu ya mashine inayojichimbia njia kama fuko, ikisaka madini kwa mlalo chini kwa chini. Mashine hiyo ingeufikia mgodi kwa ubavuni bila kukutana na alama hata moja. Hakuna takwimu ya miaka 100 iliyopita ambayo ingekupa fuko huyo. Amepatikana kwa sababu mtu mmoja mezani alikuwa na kazi ya kubuni visa.

Wachumi, wakiulizwa, wana njia fupi zaidi. Desturi yao ni kupunguza thamani ya kesho kwa asilimia fulani kila mwaka. Chukua asilimia 3, ambayo si kubwa. Hasara ya shilingi bilioni moja itakayotokea miaka 500 ijayo, kwa hesabu ya leo ni kama shilingi 380. Usipoishusha riba hiyo kwa makusudi, watu wa mbali wanafutika kwenye daftari kabla hujafika ukurasa wa pili.

Finland wamekwenda njia nyingine. Kwenye kisiwa cha Olkiluoto, manispaa ya Eurajoki, kampuni ya Posiva imechimba handaki la Onkalo hadi mita 430 hivi ndani ya mwamba wenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9. Hapa kinachozikwa ni mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika, ndani ya mikebe ya chuma iliyovikwa shaba nyekundu, iliyozungushiwa udongo wa bentonaiti unaofura ukiguswa na maji. Majaribio ya mtambo mzima, bila mafuta halisi, yalianza mwaka 2024.

Adui wanayemwaza Wafini ni maji na barafu. Zama za barafu zilizopita ziliikandamiza nchi yao, na tangu barafu iyeyuke ardhi inainuka polepole kama godoro aliloondokea mtu mzito, milimita 6 hivi kwa mwaka pale Olkiluoto. Bahari inarudi nyuma. Kwa hiyo wataalamu wamechora ramani za maziwa, vinamasi na mashamba yatakayokuwa mahali ambapo leo samaki wanaogelea, wakakadiria mionzi kiasi gani ingemfikia mkulima wa huko ikiwa mkebe mmoja utavuja. Kwa miaka elfu kadhaa ya mwanzo, mdhibiti anataka dozi hiyo ya mtu ijulikane. Baada ya hapo anauliza tu ni kiasi gani cha mionzi kinatoka mwambani. Mkulima anaondolewa kwenye hesabu, unabaki mwamba.

Ili kujua barafu ijayo itafanya nini, watafiti walikwenda Greenland ambako barafu ipo sasa. Kuhusu shaba, wenzao wa Sweden walichunguza mzinga wa shaba nyeusi kutoka meli ya kivita ya Kronan, iliyozama Bahari ya Baltiki mwaka 1676, mzinga ambao ulikaa miaka 300 ukiwa umechomekwa kwenye udongo wa sakafu ya bahari. Lakini shahidi mkubwa kuliko wote anatoka Afrika. Mwaka 1972, kiwanda cha Pierrelatte, Ufaransa, kiliona urani kutoka mgodi wa Oklo, Gabon, ina upungufu mdogo usioelezeka: urani-235 ilikuwa asilimia 0.717 badala ya 0.720. Kwa urani ya dunia nzima tarakimu hiyo haichezi. Uchunguzi ulionyesha kwamba karibu miaka bilioni 2 iliyopita, maji yakipenya kwenye mshipa tajiri wa urani, vinu vya nyuklia vilijiwasha vyenyewe ardhini na kuendelea kwa muda mrefu sana. Sehemu kubwa ya mabaki yake mazito, plutoniamu ikiwamo kabla haijaoza, haikusogea mbali na pale ilipozaliwa. Kwa mwanajiolojia, Oklo ni jaribio ambalo hakuna maabara ingeweza kuligharamia. Kasoro yake ni moja: miaka bilioni 2 iliyopita hakukuwa na mtu wa kuja na mtambo wa kuchoronga.

Mjadala huu umekwisha kufika pwani yetu. Kenya ilipanga kituo chake cha kwanza cha umeme wa nyuklia Uyombo, kaunti ya Kilifi, na mwaka 2024 wakazi waliandamana kupinga. Kituo kikijengwa popote, mafuta yaliyotumika hukaa kwanza palepale kituoni, majini, kwa miaka. Afrika Kusini imezalisha umeme wa nyuklia Koeberg tangu 1984, na mafuta ya aina hiyo bado yako Koeberg. Barani Afrika hakuna handaki la kina lililo tayari kuyapokea.

Hesabu za Finland haziwezi kunakiliwa Kilifi. Kule nchi inapanda kutoka baharini, huku bahari ndiyo inayopanda, na pwani ni mwamba wa matumbawe unaopitisha maji, si itale. Mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004 yalifika pwani hii. Wavuvi wa Uyombo, wanaojua ni wapi samaki huzalia kwenye mikoko ya Mida, wana rekodi yao ya miaka iliyopita na makadirio yao ya miaka ijayo, ingawa hayako kwenye jedwali. Na mwanaakiolojia angeanzia Gedi, mwendo mfupi kutoka hapo, mji wa mawe wenye misikiti na visima uliohamwa kufikia karne ya 17. Mpaka leo wataalamu wanabishana kama waliouhama walikimbia vita, maradhi au ukosefu wa maji.