Kadi za Harusi Zichapwazo Nyumbani: Tazama Joto Kabla ya Pambo

Katika majuma yanayotangulia harusi, nyumba huwa na hesabu nyingi, na mojawapo ni hesabu ya kadi za mwaliko. Jijini Kampala wengi huipeleka kazi hiyo Barabara ya Nasser, ambako maduka ya wapiga chapa yamesongamana. Lakini siku hizi printa ndogo ya leza imeingia katika baadhi ya nyumba, na familia ya askari aliyepewa likizo ya siku chache, au ikaayo katika kambi iliyo mbali na mji, huona ni heri kuchapa kadi zake yenyewe. Jambo hilo lawezekana, na kadi zikatoka safi. Ila wako wanaonunua kwanza kadi iliyowapendeza macho, wakaitia mashineni, na jioni ile ile wakabaki bila kadi na bila mashine.

Chanzo cha hasara hiyo ni joto. Printa ya leza haitumii wino wa maji. Ndani yake mna unga mkavu, ambao sehemu yake kubwa ni plastiki iliyotiwa rangi. Mwali wa leza huchora maandishi kwa nguvu za umeme juu ya silinda, unga hunasa hapo, kisha huhamia kwenye karatasi. Mwishowe karatasi hubanwa katikati ya rola zenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, unga ukayeyuka na kugandamana nayo.

Asili ya kazi hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 22 Oktoba 1938, huko Astoria katika jiji la New York, Mmarekani Chester Carlson, ambaye kazi yake ya ofisini ilihusu hati za hataza na ambaye alichoshwa na kunakili kwa mkono, alifanya jaribio pamoja na msaidizi wake Otto Kornei. Walisugua kwa kitambaa bamba la zinki lililopakwa salfa hata likapata umeme, wakalimulika kwa taa, wakalinyunyizia unga, kisha wakauhamishia unga huo kwenye karatasi yenye nta na kuipasha moto. Mwali wa leza ulikuja baadaye, kwa kazi ya Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox, aliyekamilisha printa yake mwaka 1971. Lakini tangu siku ile ya Astoria, maandishi hayo yameshikishwa kwa moto.

Hivyo basi, anayekwenda dukani hana budi kujiuliza kama kadi anayoitamani itastahimili moto huo. Karatasi ya kung'aa iliyotengenezwa kwa ajili ya printa za wino wa maji imepakwa utando juu, na utando huo waweza kuyeyuka na kujizungusha kwenye rola. Kadi iliyonyunyiziwa chembe za kumetameta huziangusha ndani ya mashine, zikakwaruza silinda. Ile yenye uso wa fedha au dhahabu kama bati huweza kuvuruga umeme unaouongoza unga, na herufi zisikae mahali pake. Maua yaliyobandikwa kwa gundi, na riboni, hayafai hata kujaribiwa. Kubadilisha sehemu ya joto iliyoharibika huweza kugharimu karibu bei ya printa nzima, na fedha hizo zingenunua mchele wa wageni wengi.

Kadi iliyo salama ni manila ya kawaida, ya rangi yoyote, isiyo na utando. Uzito wake huandikwa kwenye bunda kwa gramu kwa mita ya mraba. Karatasi ya ofisini ni gramu 80. Printa nyingi za nyumbani hukubali hadi gramu 160 hivi, na kitabu cha mashine hutaja kipimo chake. Kadi ya gramu 250 ni nzuri mkononi, lakini mashine ndogo huikunja au huikwamisha. Kadi ngumu ipitishwe moja moja katika tundu la kulishia kwa mkono, na kama printa ina mlango wa nyuma, ufunguliwe ili kadi itoke bila kupinda. Kisha, katika kompyuta, ichaguliwe aina ya karatasi nzito. Watu huliruka jambo hili, nalo ndilo kubwa: mashine ikijulishwa hivyo hupunguza mwendo ili joto lipenye. Isipojulishwa, herufi hupukutika kwa kusuguliwa na kidole.

Kadi yenye mistari kama kitambaa cha kitani hupendeza, lakini unga hauingii vizuri katika mabonde yake. Herufi nyembamba hukatika, na nene huonekana vyema. Majira ya mvua bunda lisiachwe wazi, kwani karatasi yenye unyevu hujikunja na kutoa chapa hafifu. Wanaotumia umeme wa jua nao wajihadhari: printa hii huvuta umeme mwingi kwa ghafula inapojipasha moto, na mtambo mdogo huenda ukazimika.

Je, pambo liachwe? La. Lingoje tu zamu yake. Iko karatasi maalumu ya dhahabu inayolazwa juu ya maandishi yaliyokwisha kuchapwa kwa leza. Zikipitishwa pamoja katika mashine ya laminesheni, joto huulainisha unga, dhahabu ikashika herufi peke yake. Riboni na maua hufuata kwa gundi. Kadi ya kukunjwa itiwe kwanza mfuo kwa rula na kalamu isiyo na wino, na rangi nzito isichapwe juu ya mfuo huo, maana unga uliokauka hupasuka pale pakunjwapo.

Kadi zikiwa tayari, zitiwe katika bahasha za karatasi. Mifuko laini ya plastiki huweza kunata na unga, hasa penye joto, na jina la bibi arusi likabaki ndani ya mfuko kadi inapotolewa.